Nilivyoyaponda Mawe ya Kabula

Mengi ya ujana wangu yameniponyoka, mwanangu, lakini kuna siku moja imegoma kabisa kutoka kichwani. Ningepewa ruhusa ya kusahau siku moja tu ya maisha yangu, ningeichagua hiyo. Ni siku niliyoyaponda mawe ya binti yangu Kabula. Nimekaa nayo kimya miaka yote hii. Leo naisema, tena naisema kwa hasira, kwa sababu Jumamosi iliyopita nimeiona ikirudi kwa macho yangu haya haya, nyumbani kwa kijana wangu wa mwisho, Shija, kule Nyahanga.

Ngoja kwanza nikuambie kilichonichoma.

Nilikwenda kumsalimia mjukuu wangu, Limi. Ana miaka minne. Minne, mwanangu! Hata meno ya utoto hayajaanza kutikisika. Nikaambiwa hayupo, yuko shule. Jumamosi? "Ndiyo, Baba," Shija akanijibu, "Jumamosi wana masomo ya ziada." Nikangoja. Mtoto akaletwa saa za mchana, begi limemzidi mgongo, macho yamelegea kwa usingizi. Hajamaliza hata kula, mwalimu wa tuisheni huyo anapiga hodi. Mwalimu alipoondoka ndipo yule mtoto akanyatia uani, akachutama kwenye kona ya ukuta, na mimi nikamfuata polepole nione anafanya nini.

Alikuwa na nyumba yake pale. Vizibo vya soda amevipanga chini, kopo la maziwa ndiyo sufuria, na gunzi la hindi amelifunga kitambaa, amelibeba mgongoni. Alikuwa anaongea kwa sauti mbili, ya mama na ya mtoto. "Ngoja, uji bado wa moto." Gunzi linalia. Analibembeleza. Kisha anagawa vizibo: hiki cha baba, hiki cha bibi, hiki cha mgeni, kimoja kimezidi, basi nani hajapata? Akafikiri. Akanitazama mimi, akacheka, akanipa kile kizibo. Mwalimu wa tuisheni alikaa naye saa nzima na sikusikia mtoto akifikiri hata mara moja. Uani alifikiri kabla sijakaa vizuri.

Shija akatokea. Hakufoka, nimtendee haki. Alichukua kiroba, akavizoa vyote, gunzi likiwemo, akaenda kuvitupa kwenye taka nje ya geti. Aliporudi akamwambia mwanawe, "Michezo haitakufikisha chuo kikuu, mama. Nenda kaandike."

Limi hakulia. Angelia ningeshukuru. Alirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akasimama hivyo, anamtazama baba yake usoni ili ajue anatakiwa kufanya nini. Mwanangu, mikono ile naijua. Nimewahi kuisababisha mimi mwenyewe, kwa mtoto mwingine.

Sasa sikiliza.

Wakati huo nilikuwa kijana wa machimboni, si mbali na Segese. Tulikuwa tumehamia pale na mke wangu na Kabula, mtoto wetu wa kwanza, ana miaka sita. Nilikuwa nashuka kwenye duara, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, asubuhi nashuka, jioni napanda, na miezi mingi ilikuwa imepita napanda na vumbi tu. Watu wa kila kabila walikuwa pale, na kila mtu alikuwa na habari ya fulani aliyepata. Fulani kapata alipokuwa anachimba choo. Fulani kapata kisimani. Ukizisikia habari hizo kila siku, akili inaugua. Unatembea unatazama chini kama kuku.

Kabula yeye alikuwa na mdako. Watoto wa siku hizi wengine hawaujui, kwa hiyo nitakueleza. Mnachimba kishimo kidogo cha kutosha mkono, mnajaza vijiwe. Unarusha jiwe moja juu. Kabla halijashuka, unakomba vijiwe kutoka shimoni kwa mkono ule ule, halafu unalidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote ubakize kimoja, hicho ni chako. Mzunguko ukiisha, mnaanza kubakiza viwili viwili, kisha vitatu vitatu. Ukikosa kudaka umekufa, unampisha mwenzako. Ni mchezo wa wasichana, na wanaume hatukuuona kuwa kitu.

Palikuwa na uwanja kati ya nyumba tatu za mabati, hapo ndipo watoto wote wa kambi walipochezea, na shimo la mdako la Kabula lilikuwa katikati. Jiwe lake la kurushia aliliita Mama. Lilikuwa jeupe, la duara, laini, limetulia mkononi. Vijiwe vingine ndio walikuwa watoto wa Mama. Alikuwa anavihesabu kwa Kisukuma alichofundishwa na bibi yake, imo, ibili, idatu, akivuka huko anaingia kwenye Kiswahili bila kusita. Mimi nilikuwa nalisikia hilo kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati. Hata siku moja sikusema, huyu mtoto anahesabu.

Jioni moja nimetoka duarani, nimechoka, nina njaa, akanikimbilia. "Baba, ona, nimepata Mama mpya!" Akafungua kiganja. Lile jiwe lilikuwa na mshipa wa njano ndani yake, na jua la jioni likaupiga ukametameta.

Mwanangu, sikumwona mtoto tena. Nilimnyang'anya. Nikamuuliza, "Umelitoa wapi?" Akasema, "Kwenye mdako." Nikasema, "Kabla ya mdako! Umeliokota wapi?" Akaanza kufikiri, maana mtoto huokota jiwe popote, njiani, kisimani, mtoni, atakumbuka kila jiwe ni la wapi? Mimi sikumpa nafasi ya kufikiri. Nilimtikisa. Nikamchapa mikononi, mara ya kwanza, mara ya pili, nikisema, "Sema! Umelitoa wapi?" Akarudisha mikono nyuma ya mgongo asichapwe tena, na kwa kidevu tu akaniashiria shimo la mdako. Pale pale. Alionyesha popote pa kunifanya nimwache.

Nikachukua vijiwe vyake vyote, vile vya siku zote pia, nikaviingiza kwenye kinu cha chuma, nikaviponda mbele yake. Mama mpya, Mama wa zamani, na watoto wote. Nilitwanga mpaka vikawa unga. Nikaosha ule unga kwenye karai, nikizungusha maji taratibu kama tulivyozoea, nikitafuta mchirizi wa njano chini. Hakukuwa na kitu. Ulikuwa mng'ao tu, jiwe la bure.

Hapo mwenye akili angeacha. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Nilisema jiwe hili halina, huenda lililo chini yake linayo. Nikachukua sururu nikachimba pale kwenye mdako. Jirani akaniona. Ukichimba machimboni huwezi kuchimba peke yako, jamani! Asubuhi yake walikuwa wanaume kumi, mchana sikuweza kuwahesabu. Kila mmoja na sururu yake. Siku ya tatu ule uwanja wa watoto haukuwepo, yalikuwepo mashimo na vifusi, na mtoto mmoja wa jirani alikuwa ameshatumbukia akateguka mguu.

Na dhahabu? Wapi! Haikutoka hata ya kuziba jino.

Sasa sikia aibu kubwa kuliko zote. Wanaume wazima, wenye ndevu, tuliokuwa tumejichimbia wenyewe ujinga wetu, tulihitaji mtu wa kumlaumu. Tukamlaumu mtoto wa miaka sita. Wakawa wanapita mlangoni kwangu wanasema, "Yule mwongo wako yuko wapi?" Na mimi baba yake nikacheka nao. Nilicheka, mwanangu! Watoto wenzake waliopoteza uwanja nao wakalidaka lile neno, wakawa wanamwita Mwongo. Hakutoka nje tena. Mke wangu aliniambia, "Baba Kabula, mtoto haongei." Nikamjibu kwamba afadhali, ametulia, anakua.

Ametulia! Hilo neno hadi leo nikilisikia kwa mzazi kijana nakasirika. "Mtoto wangu ametulia, hasumbui." Mtoto wa umri ule asiyesumbua, hebu mchunguze kwanza kabla hujajisifu.

Mwaka ulipogeuka akaanza darasa la kwanza. Mwalimu aliwaambia kila mmoja alete vijiwe kumi vya kuhesabia. Kabula hakupeleka. Akachapwa. Kesho yake mwalimu akamgawia vya mwenzake, akavimwaga mezani mbele yake, akasema, "Haya, chukua vitatu." Kabula akarudisha mikono nyuma ya mgongo. Mwalimu akaniita. Akaniambia kwa upole kabisa, "Baba Kabula, mtoto wako hashiki kitu. Hahesabu. Namba hazimwingii. Labda ni mzito, mwache akae nyumbani mwaka mmoja, au ndio hivyo alivyoumbwa."

Mtoto aliyekuwa anabakiza vitatu vitatu huku jiwe liko hewani! Na mimi, pamoja na kujua hilo, unafikiri nilimwambia mwalimu? Sikumwambia. Nilirudi nyumbani na daftari na fimbo. Nikamkalisha kila jioni. "Moja! Sema moja! Mbili!" Nikajiambia samaki mkunje angali mbichi. Methali nzuri sana hiyo, na imeumiza watoto wengi. Wahenga walisema mkunje. Hawakusema mvunje.

Ndipo mama yangu akaja kututembelea kutoka kijijini. Tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa mkulima, hajui kusoma, hajui kuandika, na alikuwa na sauti ya chini ambayo ikianza hakuna mtu anayemkatiza. Alinikuta na fimbo mkononi, Kabula yuko mbele ya daftari, mikono nyuma. Hakunisalimu. Alimchukua mtoto akampeleka kwa mama yake jikoni, akarudi, akakaa chini, akaniambia nami nikae.

"Wewe ni mtoto wa mfugaji," akasema. "Ndama wote wanarukaruka jioni, mmoja amesimama tu, kichwa chini. Utafanya nini?"

Nikasema, "Nitajua anaumwa, Mayu."

"Utamchapa ili aruke?"

Nikaiweka fimbo chini.

"Nimekuuliza, utamchapa?"

"Hapana, Mayu."

"Basi wewe una akili ya ng'ombe, ya mtu huna." Alisema hivyo hivyo, na mimi mwanamume mwenye mke na mtoto nikainamisha kichwa. "Ndama anaruka kwa sababu miguu yake inajifunza kazi. Hajui kama anajifunza, wala hahitaji kujua. Wewe ulijua kuhesabu ng'ombe kabla hujang'oa meno ya utoto. Nani alikufundisha? Baba yako? Baba yako hakuwa na muda na wewe. Ulikuwa unafinyanga ng'ombe wa udongo pale mtoni. Ulikuwa na zizi zima. Kila mmoja ulimpa rangi yake na jina lake, mmoja akipotea ulilia na kumtafuta mpaka giza. Siku tuliyokupa ng'ombe wa kweli uchunge hatukukufundisha kitu. Ulikuwa umeshachunga miaka mitatu. Je, kuna mtu aliyewahi kukanyaga zizi lako?"

Hakuna. Nilikumbuka wakati ule, ng'ombe wangu wa udongo walikuwa wakianikwa juani karibu na njia ya kwenda kisimani, na wanawake wenye ndoo kichwani walikuwa wakiwakwepa. Watu wazima, na mizigo yao kichwani, walikwepa ng'ombe wa udongo wa mtoto. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo hata mara moja.

"Mkeo ameniambia yote," Mayu akaendelea. "Umemponda. Mawe yake ndiyo yalikuwa shule, na hapo alikuwa anafaulu. Mkono wake ulijua kusubiri jiwe lishuke. Alijua zamu yake na zamu ya mwenzake. Alijua kufa na kuanza tena bila kununa, jambo ambalo wewe na hao wenzako wa duarani hamlijui mpaka leo. Sasa mwalimu anamwekea mawe mezani, na akili yake inamwambia ukigusa jiwe baba atakuchapa, ukisema kitu utaitwa mwongo. Si mzito huyo. Ana akili kuliko wewe, ndiyo maana hagusi."

Nikauliza nifanye nini. Nilitegemea aseme nimnunulie kitu, au nimpeleke kwa mganga.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "kalete mawe. Ukayaokote mwenyewe, usimtume mtu. Chimba mdako mlangoni kwako. Ukae chini ucheze."

"Mimi, Mayu? Mdako? Watu wataniona!"

"Ndicho ninachotaka. Walikuona ukiponda, wakuone ukicheza."

Jumapili nikaenda mtoni, nikaokota vijiwe kumi na viwili. Nikachimba kishimo mlangoni. Jioni nikakaa chini, mimi na Mayu, mama mzee na mwanawe, tukaanza kucheza mdako. Aisee! Mikono yangu ilikuwa imezoea nyundo na tindo, vidole vigumu kama mizizi. Narusha jiwe, sijakomba kitu, jiwe limeshanipiga kichwani. Wenzangu wa duarani walipita wakasimama kutazama. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Baba Kabula kawa msichana! Msukeni nywele!" Jina hilo lilinikaa hadi nilipohama kambi ile. Kabula alikuwa mlangoni, nusu yake ndani, nusu nje, mikono nyuma, anatutazama.

Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Wiki ya kwanza ikaisha hajaja, na mimi nikaanza kukasirika, nikasema moyoni huyu mtoto ana kiburi. Mayu alikuwa ananisoma usoni. Akaniambia, "Wewe ulitumia siku moja kuharibu. Sijakuahidi siku moja ya kutengeneza."

Ilikuwa wiki ya tatu. Nilirusha jiwe, nikakomba vijiwe vyote kwa pupa, vikamwagika, jiwe likaangukia huko. Nikaliokota nirushe tena. Nikasikia sauti nyuma yangu, ndogo, imekwaruza kwa kukaa bila kutumika.

"Baba, umekufa."

Sikugeuka. Nilimwogopa mtoto wangu mwenyewe, niliogopa nikigeuka atarudi ndani. Nikasema, "Sijafa."

"Umekufa! Umekosa. Hukombi hivyo, unakomba hivi." Akaja. Akachutama mbele yangu. Mkono mmoja ukatoka nyuma ya mgongo, ukanyooka, ukasimama juu ya lile jiwe bila kuligusa. Akaniangalia usoni.

"Hutayaponda?"

Nikasema, "Siyapondi."

"Kweli hutayaponda?"

"Kweli, mama."

Akauliza mara ya tatu, nikatikisa kichwa kwamba siyapondi. Ndipo akalichukua. Akalirusha. Miezi yote ile, na mkono wake haukuwa umesahau kitu. Alinishinda siku ile, akanishinda kesho yake na wiki nzima iliyofuata, na kila akinishinda alikuwa anacheka kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho wa muhula mwalimu alisema huyu mtoto amebadilika ghafla. Ghafla! Nilimwacha aamini hivyo.

Usidhani nakusimulia hadithi iliyoisha vizuri. Kabula leo ni mama mtu mzima, anafanya biashara ya mpunga Kagongwa, na magunia ya gari zima anayahesabu kwa jicho kabla vijana wa kupakua hawajafika la kumi. Ananiheshimu. Nikifika kwake anapiga goti, anasema shikamoo Baba, ananichinjia kuku. Lakini nikisahau, nikapandisha sauti kidogo, hata kama namfokea mbuzi anayekula mchicha wake, mikono yake inakwenda nyuma ya mgongo. Yeye mwenyewe hajui. Amenisamehe tangu zamani, mikono tu ndiyo haijapata habari. Mimi naiona, na chakula kinanishinda.

Ndiyo maana Jumamosi ile sikuvumilia. Nilimwambia Shija akae chini, nikamsimulia yote haya, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza kichwa kimeinama. Mwisho akauliza, "Baba, mbona Dada hajawahi kuniambia?"

Nikamjibu, "Aliitwa mwongo na kambi nzima, na baba yake akacheka. Wewe ungesimulia?"

Akajitetea. Nyie vijana mnajua kujitetea. Akasema, Baba, dunia imebadilika, watoto wa wenzetu wanasoma wakiwa na miaka mitatu, wa kwangu ataachwa nyuma. Nikamwambia, sikiliza wewe. Mimi na wenzangu tulichimba uwanja wa watoto kwa sababu tuliona wenzetu wanachimba. Hakuna aliyejiuliza kama chini kuna kitu. Ninyi mnachimba nini humo ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka minne, alfajiri hadi jioni, na Jumamosi juu? Shule mnazozitafuta hazina hata mahali pa kukimbilia, uwanja umegeuzwa maegesho ya magari, na mnasifu kwamba watoto wanakaa kimya. Mnanikasirisha! Mnampenda mtoto, mnamnyima kazi yake, halafu mnamlipia mtu amlazimishe kufanya kazi isiyo yake.

Wahubiri nao wanapenda kusema mtoto ni dhahabu. Mimi sisemi hivyo. Dhahabu nimewahi kuishika, si nyingi, ila nimeishika. Ukiiponda haiumii, ukiichoma inang'aa zaidi, na haimwogopi mtu. Mtoto si hivyo hata kidogo.

Shija akanyanyuka, akatoka kwenda kwenye taka kumtafuta yule mtoto wa gunzi. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Alirudi mikono mitupu, na nilimwona, mwanamume mwenye shahada, hajui aiweke wapi mikono yake. Nikamwambia aende dukani kwa jirani aombe vizibo. Akaja navyo kiganja kimejaa, akachutama kwenye ile kona na suruali yake ya ofisini, akaanza kuvipanga. Alikuwa anavipanga vibaya. Limi alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

"Haji, Baba," Shija akaninong'oneza.

"Leo haji," nikamwambia. "Na kesho asipokuja, wewe njoo."

Sasa wewe, mwanangu, uliyenisikiliza mpaka hapa. Ukimkuta mtoto amechutama chini na takataka zake, pita pembeni, kama wale wanawake walivyopita na ndoo zao. Yuko kazini. Anapogawa vizibo anahesabu, na anapolibembeleza gunzi anajifunza kukubembeleza wewe ukizeeka. Akikukaribisha, ingia, kaa chini, fuata sheria zake, usimfanyie mtihani. Akikuonyesha alichookota, kitazame kwanza kile kitu, kisha mtazame yeye, na kama utauliza, muulize anakiitaje. Mtafutie mahali salama pa kukimbilia, maana huku kwetu mashimo hayafukiwi na mtoto hana macho ya nyuma. Daftari litakuja. Kila kitu kina siku yake, na mkono uliodaka jiwe hautashindwa kushika kalamu. Na kama umeshaponda, usiniambie umechelewa. Nenda kaokote mawe mwenyewe.

Mungu akupe magoti ya kukaa chini. Akupe masikio ya kusikia mtoto anapohesabu. Akujalie ucheze na mwanao na ushindwe, ushindwe tena, na kila akikuambia "Baba, umekufa," au "Mama, umekufa," asikie unacheka, na mikono yake ikae mbele, mahali ilipoumbwa kukaa.